Puli Kubwa, Puli Ndogo: Hesabu ya Mashine ya Kusaga



Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulianza kazi mwaka 2007. Tangu hapo nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi vya Muheza, Korogwe, Mkinga na Pangani. Umeme ukifika kijijini, mashine ya kusaga huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kubadilishwa. Injini ya dizeli inaondolewa. Mota ya umeme inafungwa mahali pake. Kinu hakibadilishwi. Watu husema, "Kinu ni kile kile, tuchonge puli kama ile ya zamani, tufunge, tusage."

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Injini na mota hazizunguki kwa mwendo mmoja. Kinu kikizungushwa kupita kiasi kinaweza kupasuka na kuua mtu. Kikizungushwa polepole mno, unga unatoka chenga na mkanda unateleza. Hesabu ya kuzuia mambo hayo ni ya kuzidisha na kugawanya tu. Wewe unayeweza kusoma ukurasa huu unaweza kuifanya.

PULI NI NINI?

Puli ni gurudumu linalovaa mkanda. Puli moja iko kwenye injini au mota. Hiyo ndiyo inayoendesha. Puli ya pili iko kwenye kinu. Hiyo inaendeshwa. Mkanda unazipitia zote mbili.

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga wameziona puli nyingi, na kubwa, katika viwanda vya korona. (Korona hii ni mashine ya kuchana mkonge. Jina lake ni la zamani kuliko ugonjwa wa mwaka 2020.) Lakini kama hukuwahi kufika kiwandani, nenda kwa fundi cherehani. Cherehani ya miguu ina gurudumu kubwa chini na gurudumu dogo juu, na mkanda wa ngozi katikati. Mwombe fundi ruhusa. Tia alama ya chaki kwenye gurudumu dogo. Kisha zungusha gurudumu kubwa kwa mkono, polepole, mara moja tu, huku ukihesabu. Gurudumu dogo litazunguka mara kadhaa.

Kwa nini? Kwa sababu mkanda ni mmoja. Urefu wa mkanda unaopita juu ya gurudumu kubwa ndio huo huo unaopita juu ya gurudumu dogo. Tuseme gurudumu kubwa lina upana wa inchi 12 na dogo lina inchi 3. Dogo linaingia mara 4 katika kubwa. Basi kubwa likizunguka mara 1, dogo huzunguka mara 4.

KANUNI

Upana wa gurudumu, kutoka ukingo hadi ukingo kupitia katikati, huitwa kipenyo. Kanuni yenyewe ni hii:

Kipenyo cha puli inayoendesha × mizunguko yake = kipenyo cha puli inayoendeshwa × mizunguko yake.

Mizunguko huhesabiwa kwa dakika moja. Utaipata kwenye kibati kilichobandikwa kwenye injini, mota au kinu. Tafuta herufi RPM. Ni herufi za Kiingereza, na maana yake ni mizunguko kwa dakika. Ukiona RPM 1440, ujue mashine hiyo huzunguka mara 1,440 kila dakika. Kibati kikiwa kimefunikwa na unga na mafuta, kifute. Usikipake rangi! Mashine nyingi zimepotezewa habari zake kwa brashi ya rangi.

TUHESABU

Tuchukue mfano. Kijiji kina kinu cha nyundo. Injini ya dizeli ilikuwa ikizunguka mara 850 kwa dakika. Puli ya injini ina inchi 24. Puli ya kinu ina inchi 6.

24 × 850 = 20,400
20,400 ÷ 6 = 3,400

Kinu kilizunguka mara 3,400 kwa dakika, na kibati chake kinasema hivyo hivyo. Ni sawa.

Sasa inakuja mota ya mizunguko 1,440. Kijiji kinamwagiza fundi achonge puli mpya kwa kipimo cha ile ya zamani, inchi 24. Tuone:

24 × 1,440 = 34,560
34,560 ÷ 6 = 5,760

Kinu kilichotengenezwa kwa mizunguko 3,400 kitalazimishwa kuzunguka mara 5,760! Fikiri juu ya jiwe la kombeo. Kadiri unavyolizungusha kwa kasi ndivyo linavyokuvuta mkono. Mwendo ukiwa mara 2, mvuto huwa mara 4. Hapa mwendo umeongezeka karibu mara 1.7, kwa hiyo kila nyundo ndani ya kinu inavuta pini yake kwa nguvu karibu mara 3 ya kawaida. Pini ikikatika, nyundo inaruka kama risasi. Puli yenyewe ya inchi 24, kama ni ya chuma cha kusubu, inaweza kupasuka kwa mwendo huo. Na mota nayo huzidiwa na mzigo ikaungua.

Basi puli ya mota iwe na kipenyo gani? Tunajua kinu kinataka 3,400 na puli yake ina inchi 6.

6 × 3,400 = 20,400
20,400 ÷ 1,440 = 14 na kidogo

Mwambie fundi achonge puli ya inchi 14. Tukipima tena: 14 × 1,440 ÷ 6 = 3,360. Upungufu wa mizunguko 40 hauna neno. Mkanda wenyewe huteleza kidogo, kwa hiyo hesabu haitatimia sawasawa kamwe. Jawabu likiwa na kipande, chagua puli ndogo kwenye mota, si kubwa. Usipite mizunguko iliyoandikwa kwenye kinu.

Wengine huuliza: je, hatuwezi kupunguza mwendo wa mota kama tulivyopunguza mafuta kwenye dizeli? Mota ya kawaida haikubali. Umeme wa gridi, uwe umetoka Hale kwenye Mto Pangani, kituo kilichofunguliwa mwaka 1964, au umetoka Kidatu, hupiga mapigo 50 kila sekunde. Mapigo hayo ndiyo huamua mwendo wa mota. Unachoweza kubadili ni puli.

KUPIMA PULI

Zima mashine kwanza. Subiri isimame kabisa. Pima ukingo hadi ukingo kupitia katikati. Kama shafti inazuia rula, zungusha uzi kwenye puli mara moja, upime urefu wa uzi huo, uzidishe kwa 7, kisha ugawanye kwa 22. Uzi wa inchi 44: 44 × 7 = 308; 308 ÷ 22 = 14. Kwa puli yenye mfereji, pima pale mkanda unapokaa, si kwenye midomo ya nje.

Mkanda ufunikwe kwa wavu wa chuma. Akina mama hufika mashineni wamejifunga khanga na kubeba watoto mgongoni. Ncha ya khanga ikishikwa na mkanda, hakuna nafasi ya kupiga kelele.

MAZOEZI

1. Kinu kile kile cha mizunguko 3,400 na puli ya inchi 6 kimepata mota ya mizunguko 2,900. Puli ya mota iwe na inchi ngapi?

2. Mota ya mizunguko 1,440 ina puli ya inchi 5. Mashine ya kukoboa ina puli ya inchi 9. Mashine ya kukoboa inazunguka mara ngapi kwa dakika?

3. Uzi uliozungushwa kwenye puli una inchi 66. Kipenyo cha puli ni inchi ngapi?

4. Nendeni pamoja kwenye mashine ya kijiji chenu siku ambayo haisagi. Someni vibati, pimeni puli mbili, mfanye hesabu. Je, kinu kinazunguka kama kibati chake kinavyosema?

Majibu: (1) inchi 7. (2) mara 800. (3) inchi 21.