Jiwe Linalong'aa la Macalder

Ukiokota jiwe lenye vimetameta vya manjano karibu na mashimo ya Macalder, kule Nyatike, usikimbilie kwa mnunuzi. Ligeuzegeuze juani kwanza. Dhahabu hung'aa vilevile kila upande, hata kivulini. Pairaiti humeta na kuzima, kwa sababu ina nyuso bapa kama vioo vidogo. Kisha tafuta kigae cha bafuni kilichovunjika, ukikwaruze na jiwe lako upande wa nyuma usiong'aa. Dhahabu itaacha mstari wa manjano, pairaiti mstari mweusi unaoelekea kijani. Kama bado una shaka, gonga punje yenyewe kwa nyundo: dhahabu hubonyea na kutandazika, pairaiti husagika unga.

Pairaiti ni chuma kilichoshikana na salfa. Muungano wa namna hiyo, mara nyingi wa metali na salfa, huitwa salfaidi. Salfa yenyewe si ngeni kwetu. Ndiyo kiberiti cha zamani, madini ya manjano yanayowaka kwa mwali wa buluu, kabla jina hilo halijahamia kwenye njiti zetu za jikoni. Na usiidharau pairaiti, maana salfaidi ndizo zilizoufanya Macalder kuwa mgodi. Shaba, zinki, fedha na dhahabu zilikaa pamoja ndani ya mwamba wa salfaidi, zikachimbwa kuanzia miaka ya 1930 hadi miaka ya 1960. Mgodi mkubwa ulipofungwa, yalibaki mashimo na marudio, yaani ule mchanga uliokwisha kusagwa na kukamuliwa.

Jambo la kukumbuka kuhusu salfaidi ni kwamba hutulia pale hewa isipofika. Ukitaka kuona, nenda ufukweni mwa ziwa kule Homa Bay, mahali penye mafunjo na maji yaliyosimama, uchomeke kijiti kwenye tope. Kitatoka cheusi, kikinuka yai viza. Weusi huo ni salfaidi ya chuma, na harufu ni gesi ya salfaidi ya hidrojeni, kazi ya bakteria wanaoishi bila oksijeni. Anika tope hilo juani, na baada ya muda litageuka kahawia. Hewa imeingia, chuma kimeshika kutu.

Marudio ya mgodi hupatwa na jambo hilohilo, ila kwa ukali zaidi. Pairaiti iliyosagwa laini ikinyeshewa na kupigwa na hewa hutoa tindikali ya salfa, na tindikali hiyo huyeyusha metali nyingine zilizokuwa zimetulia. Mara nyingi utaona maji yenye rangi ya kutu. Lakini maji ya tindikali yanaweza pia kuwa maangavu kabisa, na hapo ndipo watu hudanganyika. Usichimbe kisima chini ya mteremko wenye marudio, usinyweshe mifugo hapo, wala usibebe mchanga huo kwenda kupigia lipu nyumba. Ni mchanga laini unaovutia fundi, najua.

Moto ni mbaya kuliko mvua. Wako wanaochoma mawe ya salfaidi ili yalainike au ili dhahabu iliyojificha ifunguke. Moshi wake hukaba koo. Ukisikia harufu kama ya kitunguu saumu, ondoka upesi: kuna aseniki ndani yake, na hakuna kitambaa cha puani kitakachokukinga.

Na zebaki je? Nayo asili yake ni salfaidi, lile jiwe jekundu liitwalo sinabari, ambalo likisagwa lilikuwa rangi ya thamani ya wachoraji kwa karne nyingi. Zebaki hukamata dhahabu iliyo huru tu. Ile iliyofungiwa ndani ya pairaiti huipita, ndiyo maana marudio yako bado yana mnunuzi mwenye matangi ya sianidi. Tatizo ni kwamba marudio yenye zebaki yakitiwa sianidi, zebaki huyeyuka na kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata wa 2013 unazitaka nchi wanachama zikomeshe kuchanganya sianidi na marudio yenye zebaki, na pia kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu kwenye makazi ya watu. Kwa lugha ya nyumbani: jiko la kupikia ugali halichomi dhahabu. Mwenye kulazimika kuchoma atumie chombo kilichofungwa, chenye bomba la kupoza na kurudisha zebaki, tena nje, mbali na watoto.

Ile gesi ya yai viza nayo si ya kuchezea inapokuwa nyingi. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini ya shimo la choo au kisima cha zamani. Ikizidi, pua huacha kuisikia, na mtu hudhani imeisha. Mwenzako akianguka shimoni, usimfuate. Ita wenye vifaa vya kupumulia.

Nyumbani salfaidi ni wapole zaidi, isipokuwa mmoja. Buluu ya kufulia mara nyingi ina rangi yake kwa sababu ya salfa iliyonaswa ndani ya madini. Idondoshee limau, utasikia harufu. Grisi nyeusi ya fundi wa magari mara nyingi ina salfaidi ya molibdenamu, ambayo matabaka yake huteleza moja juu ya jingine. Manjano ya kadimiamu, inayopendwa na wachoraji, ni salfaidi pia: ipake kwa brashi, usiipulize wala kuipiga msasa.

Asiye mpole ni wanja. Baadhi ya wanja wa manga husagwa kutokana na galena, salfaidi ya risasi, na karibu asilimia 87 ya uzito wa galena ni risasi. Mtoto hugusa jicho kisha hulamba kidole. Weusi haukuambii kilichomo, hivyo mtoto mchanga asipakwe kabisa.

Dawani iko salfaidi ya seleniamu, ya mba na ya yale madoa ya fangasi yanayotapakaa kifuani na mgongoni. Kwa madoa, ile ya asilimia 2.5 hupakwa kwa dakika 10 hivi kisha huoshwa, kila siku kwa siku 7. Mjamzito amuulize mfamasia kwanza. Rangi ya ngozi huchukua wiki kadhaa kurudi, kwa hiyo usirudie dozi kwa haraka. Na vua pete ya fedha kabla ya kupaka, maana itapiga weusi. Ikiwa umekwisha kuchelewa, tandika karatasi ya alumini bakulini, weka pete juu yake, nyunyiza magadi, mimina maji ya moto. Weusi utatoka, na ukiinama utasikia kwa mbali harufu ya tope la ziwani.