Studi Zilizogoma: Maswali kwa Fundi wa Tabora

Peugeot 404, gari aliloshindia Bert Shankland wa Dar es Salaam mashindano ya Safari mwaka 1966 na 1967, lilitengenezwa pia kwa namna yenye pampu ya Kugelfischer inayonyunyiza petroli. Na mwenyewe akikosa vipuri vyake, hasa akikaa mbali kama sisi tulio kwenye njia ya kale ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, aghalabu huazimia kutia kabureta, ndipo akutanapo na studi za manifoldi zisizotaka kutoka.

Swali: Kwa nini studi hushikamana hivyo?

Studi ni ya feleji, silinda hedi ya 404 ni ya alumini, na madini haya mawili yakutanapo penye unyevu alumini huliwa, unga wake mweupe ukavimba na kuzibana hesi. Basi azidishaye nguvu huikata studi kabla haijageuka.

Swali: Nianzie wapi?

Baada ya kuondoa petroli yote, pasha moto hedi pande zote za studi, wala si studi yenyewe, kwani alumini hutanuka takriban maradufu ya feleji. Lakini tahadhari: alumini haigeuki nyekundu kabla ya kuyeyuka, jicho lisipate onyo. Ikisha kupata moto, gusisha nta penye shina la studi, iyeyuke na kufyonzwa ndani ya hesi. Nasi wa Unyamwezi, nchi ya asali na nta, hatuna udhuru wa kuikosa.

Swali: Na kuigeuza je?

Funga nati mbili zikazane, ugeuze ile ya ndani kidogo, urudishe, ugeuze tena. Ukihisi spana inakwenda laini ilhali studi haitoki, simama mara moja, maana chuma kimeanza kusokoteka; rudia moto na nta.

Swali: Ikikatika?

Kikibaki kisiki, chomelea nati juu yake, kwa kuwa joto la kuchomelea nalo hulegeza. Ikikatikia ndani, ziba matundu ya hewa kwa tambara, tia alama katikati barabara, kisha toboa kwa keekee polepole. Usikimbilie kifaa cha kung'olea, kwani ni kigumu mno, na kikivunjikia humo keekee haitakiweza.

Swali: Studi mpya niikaze sana?

La. Ipake grisi ya shaba, uiingize kwa vidole hadi mwisho wake. Ikazwayo ni nati.