Mjomba Huyo Alianza Lini Kuwa Mchoyo?

Mdogo wangu, sogea tuongee. Hadithi yako ya kule Makote nimeisoma mara mbili. Lugha tamu, lakini yule mjomba anayewanyima wapwa zake ada ameingia mchoyo na ametoka mchoyo. Simjui, ndiyo maana simchukii wala simhurumii.

Mpe utoto. Tuseme alikuwa na miaka 9. Mahindi yalikauka, ndani hakuna unga, baba yake akachukua hela za kangomba, yaani akauza korosho kabla hazijavunwa, mikorosho ikiwa bado haijatoa hata ua. Msimu ulipofika, mtoto aliokota korosho tangu alfajiri, vidole vikinuka mabibo. Kisha mwenye hela akaja, akapima kwa kopo lake mwenyewe, akabeba zote. Baba alikaa kizingitini, kimya, akiyatazama magunia matupu.

Sasa mrudishe mjomba ukubwani. Usitusimulie yote hayo! Tuonyeshe tu kwamba malipo ya korosho huyahesabu mara tatu, na nyumbani kwake hataki kuona kopo. Hata chumvi hupimwa kwa kiganja. Msomaji atahisi kuna jambo.

Kasome Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971. Kabla Rosa hajapotea, tunaingizwa kwanza nyumbani kwao Ukerewe, kwa Zakaria, baba mlevi anayembana binti kwa fimbo. Rosa anapokuwa mbali na macho ya baba, anguko lake lina mzizi tunaoujua.

Na mizizi, mdogo wangu, kwetu imejaa. Kaa na bibi mkibangua korosho, umuulize kuhusu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishwa na mikorosho yao ikabaki nyuma ikamezwa na pori. Muulize habari za kuteremka bondeni kufuata maji, kisha kuupanda mlima na ndoo kichwani. Usimuulize tarehe. Muulize aliacha nini, na nani alimsubiri nyumbani. Aliyekulia kwenye kiu hiyo hamwagi maji ovyo hata bomba likifika mlangoni.

Kazi yako wiki hii: andika ukurasa mmoja wa utoto wa mjomba, uukunje, uuweke chini ya godoro. Katika hadithi ingiza kitu kimoja tu kutoka humo. Mimi ningechagua kopo. Wewe mtoto wa Makote utaona kingine, na hicho ndicho ninachokisubiri.