Jebel Misht: Mnaniuliza Yasiyoua

Tangu niandike kwamba Jebel Misht unaweza kupandwa na kushukwa kwa siku moja, barua hazijakatika. Nyingi zinatoka Maskati na Zanzibar, chache Mombasa na Dar es Salaam, na karibu zote zinahusu majini, nyoka na dhahabu. Nimechagua maswali kwa kadiri yanavyoniudhi au kunitia wasiwasi. Swali moja hakuna aliyeliuliza, kwa hiyo nimejiuliza mwenyewe.

Kwa asiyejua mlima uko wapi: uko Oman, magharibi ya Jebel Shams, juu ya kijiji cha Al-Ayn chenye makaburi ya kale, na kilele chake kinapita kidogo mita 2,000. Uso wa kusini ni ukuta wa mwamba, tuwaachie wenye kamba. Ninaozungumzia ni upande wa kaskazini, unaopandwa kwa miguu, na kwa mikono mahali pachache. Njia iliyochorwa hakuna.

Nimepanda Kilimanjaro mara mbili. Huu wa mita 2,000 utanishinda kweli?

Kilimanjaro ulipelekwa. Palikuwa na njia iliyokanyagwa, mpagazi aliyebeba mzigo wako na mpishi aliyekuamsha kwa chai. Hapa hakuna hata kimoja.

Likizo ya watoto ni Juni na Julai. Tuje?

Hapana.

Wasomaji kadhaa kwa sauti moja: ni kweli makaburi ya Al-Ayn yalificha dhahabu? Na ile zebaki nyekundu?

Nilidhani ugonjwa huu tuliuacha Tanzania bara, kwa wale wanaochimbachimba wakitafuta rupia za Mjerumani. Kumbe umevuka bahari.

Makaburi yenyewe ni ishirini hivi, yamejipanga mstari juu ya kilima, mlima ukiwa nyuma yake. Ni majengo ya mviringo ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, na yamesimama hivyo tangu milenia ya tatu kabla ya Kristo. Pamoja na Bat na Al-Khutm yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1988. Waliozikwa humo waliishi zama ambazo shaba ilichimbwa na kuyeyushwa katika milima hii. Maandishi ya kale ya Mesopotamia yanaitaja nchi ya Magan iliyopeleka shaba huko, na wataalamu wengi wanaamini Magan ndiyo Oman na jirani zake. Utajiri wao ulikuwa shaba, na shaba iliuzwa, haikuzikwa kwa magunia. Yanayopatikana katika makaburi ya aina hii ni shanga, vigae vya vyungu, vipande vya shaba na mifupa, tena machache, kwa sababu mengi yalifunguliwa na kuporwa zamani sana.

Zebaki nyekundu ya hadithi haipo. Ipo sinabari, madini mekundu yenye zebaki ndani yake, ambayo hayaponyi ugonjwa, hayaiti majini, na hayatakulipia hata petroli ya safari. Anayekuuzia ramani ya hazina, kama angekuwa na hakika nayo, angekwenda mwenyewe usiku. Na kuchimba mahali hapa ni kosa chini ya Sheria ya Urithi wa Utamaduni ya 2019, hata kama ulichimba kwa kijiko.

Tukiwa juu ya kigongo tuliona marundo ya mawe. Tuliyafuata kama alama za njia, na sisi tukaongeza letu. Tulifanya vyema?

Mlifanya vibaya mara mbili.

Katika njia rasmi za Oman kuna mistari ya rangi iliyopakwa juu ya mawe, na hapo rundo dogo la mawe huweza kuwa msaada. Nje ya njia hizo, rundo kubwa juu ya kigongo cha eneo hili huenda likawa kaburi lililoporomoka. Watu wa kale walipenda kuzika mahali panapoonekana kutoka mbali, na paa likishaanguka, kaburi la miaka 5,000 halina tofauti na lundo lililoachwa na kibarua wa barabara. Kwa hiyo mliwafuata wafu, ambao hawakuwa wakielekea kileleni. Kisha mkachukua mawe, sijui wapi, labda papo hapo, mkajenga alama ya uongo itakayompoteza mwingine. Huko Bat wanakijiji waliwahi kuyachukua mawe ya kale kujengea, na wao angalau walikuwa na haja ya nyumba.

Jiwe likiwa juu ya jiwe, liache. Likiwa peke yake, liache pia.

Swali ambalo hakuna aliyeliuliza: nitashukaje?

Ninaowauliza hunijibu kwamba kushuka ni kazi ndogo, unaiachia miguu, si gari linaonekana kule? Hapa naomba mtulie, maana nitalisema jambo hili mpaka liwachoshe.

Ukipanda mlima usio na njia, makosa yako yanajirekebisha. Vigongo vyote hukutana juu, na ukishika cha kushoto badala ya cha kulia, utafika umechelewa, lakini utafika. Kushuka ni kinyume. Tazama mkono wako: fuata kidole chochote kuelekea ndani, utafika kiganjani, lakini ukitoka kiganjani lazima uchague kidole, na ncha za vidole haziko pamoja. Ukikosea uelekeo kwa nyuzi 10 tu hapo kileleni, baada ya kilomita 5 utakuwa umetupwa mita 870 hivi kando ya gari, na kati yako na gari kuna korongo usiloweza kulivuka.

Halafu macho. Mwamba wa Misht una matabaka, na kila tabaka lina sakafu yake na ukingo wake. Ukiwa chini unaziona kingo zote na unajua pa kupitia. Ukiwa juu unaona sakafu tu, moja ikifuata nyingine, unadhani ni mteremko mmoja mzuri hadi bondeni. Ukuta wa mita 6 hauonekani mpaka uwe umesimama juu yake. Simu haitakusaidia: ramani yenye mstari wa mwinuko kila mita 20 inaumeza ukuta wa mita 6 bila kuacha dalili, na picha ya setilaiti inautazama kutoka juu, kama wewe.

Halafu mwili. Saa tisa alasiri mapaja yanatetemeka, chupa ni nyepesi, na jua la Desemba litazama kabla ya saa kumi na mbili. Mtu anafika kwenye ukingo wa kimo chake, anajiambia ni huu mmoja tu, anajiachia. Chini ya ule kuna mwingine ambao hawezi kuushuka, na ule wa kwanza hawezi kuupanda tena. Sasa amekwama kwenye kibao cha mwamba na usiku unaingia. Hakuanguka, hakuumwa na kitu, hakuishiwa nguvu. Alikuwa na haraka ya kufika kwenye gari.

Kwa hiyo, wakati wa kupanda geuka nyuma mara kwa mara, utazame mlima kama utakavyouona ukirudi, maana ni mlima mwingine kabisa. Kila panapogawanyika piga picha. Rekodi mapito yako kwenye simu, na ubebe betri ya akiba. Rudi ulikopanda, hata kama unadhani umeona njia fupi. Hasa ukidhani umeona njia fupi. Ikifika saa saba mchana, umefika kileleni hujafika, geuka. Na usishuke popote ambapo usingeweza kupapanda tena. Ukikiona chochote kinachokutaka uruke, rudi juu, hata ikikugharimu saa nzima.

Juu kabisa, wapiga picha, sakafu inakoma ghafla upande wa kusini. Baada ya hapo ni hewa, mita 800 na zaidi. Picha inapendeza hata ukiwa hatua kumi nyuma ya ukingo.

Barua za maji, ambazo nimezikusanya pamoja: lita ngapi? Juu kuna chemchemi? Je, mtu akizoea kiu anapunguza mzigo?

Juu hakuna chemchemi. Misht ni chokaa, tena chokaa iliyozaliwa baharini katika enzi ya Triasi, juu ya volkano zilizozama, kabla ardhi haijausukuma mwamba mzima hadi Arabuni. Utakanyaga matumbawe. Anayetoka Makunduchi na aliyewahi kutembea maweni anajua tabia ya jiwe la namna hii: mvua ikinyesha, linaimeza, na linachana kiatu. Vaeni viatu vyenye soli ngumu na glavu za kazi za bei rahisi.

Katika miezi ya baridi, Novemba hadi Machi, kila mtu abebe lita 4, na nyingine zibaki garini. Pamoja na maji, chumvi: karanga zenye chumvi, ndimu ya chumvi, chochote. Anayetoka jasho siku nzima akanywa maji matupu huweza kuanguka vilevile, na wenzake wakazidi kumnywesha. Tende ni nzuri, lakini hazina chumvi.

Kiu haizoeleki. Aliyewaambia hivyo aulizwe alisomea wapi.

Nina jiwe la nyoka la babu yangu. Linatosha?

Linatosha kuwekea karatasi zisipeperuke.

Kwenye milima ya Oman wapo vipiri wenye magamba yanayokwaruza, na sumu yao huvuruga damu isigande. Jiwe jeusi halinyonyi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Wala usichanje, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza. Mtulize mgonjwa, mvue pete na saa kabla hajavimba, kiungo kisitikiswe, afikishwe hospitali yenye dawa ya sumu. Ningependa muda mnaoutumia kutafuta mawe meusi mngeutumia kutazama mnapoweka mikono, maana kipiri hulala chini ya ukingo ule ule unaoushika ili ujivute.

Na majini? Bahla, mji wa hadithi za majini, si karibu?

Majini sijayaona yakimwangusha mtu mlimani. Kandambili nimeziona.

Tulitaka kulala wadi, kwenye mchanga laini, tuanze mlima alfajiri. Mbingu zilikuwa safi.

Mbingu za wapi? Wadi ni mkondo wa mto, ingawa umekauka, na maji yake huanzia milimani, mbali na unapotandika mkeka. Hata jiwe linalomeza mvua ndogo haliwezi kuifyonza mvua kubwa. Huiteremsha yote kwa pamoja, na huja usiku pasipo tone moja juu ya hema lako. Aprili 2024 mafuriko ya namna hii yaliua watu Oman, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari. Lala juu ya ukingo, na gari liwe juu ya ukingo. Wadi ikiwa inatiririka, kuivuka kwa gari ni kosa la kisheria, na haijalishi gari lako lina nguvu kiasi gani.

Mbuzi wana vijia vizuri sana. Si tuvifuate?

Mbuzi anakwenda kwenye mgunga. Ukihitaji mgunga, mfuate.

Tuombe ruhusa kwa nani kijijini?

Swali zuri, la kwanza katika barua zote. Hakuna lango wala tiketi, ila kuna watu. Simamisha gari, salimia, sema unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Utapewa kahawa na tende. Keti, usinywe umesimama kama uliyeko stendi. Mchungaji atakuambia korongo gani limeporomoka tangu mvua zilizopita, habari ambayo hakuna ramani inayo. Usipige picha nyumba wala wanawake, usiingie shamba la mitende kukata njia, na usinawe miguu kwenye mfereji wa falaj, maana walio chini yako wanayanywa maji hayo. Na usishangae mzee akikujibu kwa Kiswahili cha Unguja. Familia nyingi za eneo hili zina ndugu huko, au zilirejea kutoka huko baada ya 1964. Mzee wa namna hiyo umpe shikamoo yake, na ndiye umwachie namba yako ya simu, kwa sababu ndiye atakayeona gari lako bado lipo usiku. Namba ya dharura ya Oman ni 9999, lakini makorongo ya mlimani hayana mtandao.

Naweza kurusha droni juu ya makaburi?

Ukiwa na kibali cha serikali. Na huna.

Mwaka jana niliokota kigae cha chungu karibu na makaburi. Kiko kabatini. Nifanye nini?

Usikirudishe mwenyewe na kukitupa popote pale kilimani. Hapo utakuwa umeharibu mara ya pili. Thamani ya kigae haiko kwenye udongo wake. Iko mahali kilipolala: upande gani wa kaburi, juu ya tabaka gani, karibu na nini. Hayo ndiyo yanayomwambia mchimbuzi ni cha nani na cha lini, na wewe uliyafuta ulipoinama. Kifunge kwenye karatasi, tafuta picha ulizopiga siku hiyo, kipeleke ofisi ya Wizara ya Urithi na Utalii, ueleze ulipokitoa. Kama umesahau, sema umesahau. Usibuni.