Umbo la Jengo Lenye Kazi Nyingi: Mfano wa Mnara wa Chicago

Katika mji wa Chicago, Marekani, karibu na ufuko wa Ziwa Michigan, umesimama mnara mweusi wa chuma wenye ghorofa 100 na urefu wa mita 344. Ulijengwa kati ya mwaka 1965 na 1969, na kwa muda mrefu uliitwa John Hancock Center. Tangu mwaka 2018 hutajwa rasmi kwa anwani yake tu, 875 North Michigan Avenue. Ipo minara mirefu zaidi duniani, lakini huu unafaa kusomwa kwa sababu maduka, maegesho ya magari, ofisi, na nyumba za kuishi zipatazo 700, ambazo kwa kawaida zingetawanyika mtaa mzima, zimepangwa hapa moja juu ya nyingine. Mpangilio huo ndio ulioupa mnara umbo lake.

Wazo la awali lilikuwa kujenga majengo mawili, moja la ofisi na jingine la makazi. Majengo hayo yangekijaza kiwanja, na watu wa jengo moja wangechunguliana madirishani na watu wa jingine. Msanifu Bruce Graham na mhandisi Fazlur Khan, aliyezaliwa mwaka 1929 huko Dhaka, mji ambao leo ni makao makuu ya Bangladesh, waliyaunganisha yote mawili kwa kuweka makazi juu ya ofisi. Hapo likazuka swali la upana. Ofisi huvumilia ghorofa pana, kwani sehemu ya katikati iliyo mbali na madirisha yaweza kutumiwa kwa lifti, vyoo na makabati ya majalada. Nyumba ya kuishi haivumilii hivyo. Chumba cha kulala kisichopata mwanga wala kuona nje hakuna atakayekipanga kwa hiari. Basi chini palitakiwa upana na juu wembamba. Sakafu ya chini ina vipimo vya takriban mita 79 kwa 49, na ile ya juu kabisa takriban 49 kwa 30.

Wamarekani huihesabu sakafu iliyo usawa wa ardhi kuwa ghorofa ya kwanza. Kwa hesabu hiyo, maduka na kumbi zimo katika ghorofa tano za chini, na magari huegeshwa kati ya ya 6 na ya 12, yakipanda kwa barabara iliyojipinda kama parafujo. Ofisi zinafuata hadi ghorofa ya 41. Ghorofa za 42 na 43 zimeachiwa mitambo. Makazi yanaanzia ya 44 hadi ya 92, na juu yake upo ukumbi ambamo wageni huutazama mji. Mkazi hupanda lifti ya moja kwa moja hadi ghorofa ya 44, ambako pana bwawa la kuogelea na duka la vyakula, kisha hubadilisha lifti kufika kwake. Utaratibu huo si wa anasa. Kama kila lifti ingetoka ardhini hadi kileleni, mashimo ya lifti yangekula sehemu kubwa ya kila ghorofa, na ghorofa za juu, zilizo nyembamba, ndizo zingeumia zaidi.

Sasa utazamwe upepo, adui mkuu wa jengo refu. Upepo ukisukuma, jengo hufanya kazi kama mhimili uliokazwa ardhini upande mmoja: upande unaokabili upepo huvutwa na ule wa pili hugandamizwa. Hatari ya kupindua hupimwa kwa momenti, yaani zao la kani na umbali wake kutoka ardhini. Ichukuliwe kwamba upepo una kanieneo moja toka chini hadi juu. Ukuta ulionyooka wenye upana wa mita 79 na kimo cha mita 344 hupokea kani ambayo wastani wake hukaa katikati, mita 172 juu ya ardhi. Ukuta ukipunguzwa polepole hadi mita 49 kileleni, kani nzima hupungua kwa kama asilimia 19, lakini momenti hupungua kwa asilimia 25, kwa kuwa eneo lililoondolewa liko juu, mbali na ardhi. Hata hivyo mwanafunzi makini atapinga kwamba ukuta ulionyooka ungekuwa na nafasi zaidi ndani, na pingamizi lake ni la haki. Jengo lililonyooka lenye jumla ileile ya eneo la sakafu lingekuwa na upana wa takriban mita 64. Likilinganishwa na hilo, faida katika momenti inabaki kama asilimia 8. Kwa kweli huzidi hapo, maana upepo huongezeka kasi kadiri mtu anavyopanda.

Umbo peke yake halitoshi. Mwalimu aunganishe vijiti vinne kwa misumari midogo vifanye mraba, kisha ausukume pembeni, mraba utalala. Aongeze kijiti kimoja cha mshazari, nao utakataa kulala, kwa kuwa pembetatu haiwezi kubadili umbo bila upande mmoja kurefuka au kufupika. Hicho ndicho Khan alichokifanya kwa vyuma vikubwa. Kila uso wa mnara una misalaba ya mshazari, kila mmoja ukipita kwenye ghorofa zipatazo 18, na nyuso zote nne hufanya kazi pamoja kama mwanzi wenye uwazi ndani. Chuma kilichotumika ni takriban kilo 145 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Katika Empire State Building la New York, lililokamilika mwaka 1931, kilikuwa kama kilo 206. Misalaba hiyo hukatiza baadhi ya madirisha, na anayeishi humo hana budi kuizoea.

Jengo laweza kuwa imara kabisa na bado likamchafua moyo mtu aliyelala ndani yake likiyumba usiku. Jambo hili ni zito zaidi katika makazi kuliko ofisini. Ili kujua binadamu huhisi mwendo wa kiasi gani, Khan aliwapima watu juu ya jukwaa lililozunguka polepole katika jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda mjini Chicago.

Maji nayo yana hesabu yake. Kuyainua mita 300 kwahitaji kanieneo ya karibu mara 30 ya ile ya hewa ya kawaida, na bomba la bafuni likipewa kanieneo hiyo lingepasuka. Kwa hiyo majengo marefu hugawa mabomba yake kwa kanda. Umeme ukikatika kabisa, mkazi wa ghorofa ya 90 hubaki na ngazi tu. Mwanafunzi akadirie kazi, kwa vipimo vya jouli, atakayoifanya mkazi huyo mwenye tungamo la kilo 60 akipanda kwa miguu mita 300 hadi nyumbani kwake, na ailinganishe na kazi ya kupanda ngazi za shule yake.