Kwa nini GDB inaacha xmalloc?

Swali: Nasomea kompyuta Njoro, Nakuru. Katika msimbo wa GDB, ile programu ya kusaka hitilafu, naona xmalloc na memset zikiondolewa na new kuwekwa. Kuna faida gani?

Jibu: Kuanzia toleo la 8.0 la mwaka 2017, GDB ilianza kuhitaji kikusanyaji cha C++11, hivyo msimbo wake waweza kutumia vifaa vya C++ badala ya vile vya C. xmalloc hutenga nafasi tu, haiiti konstrakta. Ukiweka std::string ndani ya muundo uliotengwa kwa xmalloc, programu yaweza kuanguka. new hutenga nafasi na pia huita konstrakta. Thamani za mwanzo ziandike ndani ya muundo wenyewe, memset haitahitajika. Umiliki mpe std::unique_ptr: huachilia kumbukumbu yenyewe, hata eksepsheni ikitokea njiani. Tahadhari: kilichoundwa kwa new kifutwe kwa delete, kamwe si xfree.