Saikolojia kwa mtandao: Chunguza haya kabla ya kulipa karo

Je, mkazi wa Kegonga, Kuria Mashariki, aweza kusomea shahada ya uzamili ya saikolojia bila kuhamia Nairobi? Naam, aweza. Lakini je, shahada hiyo itamruhusu kuwahudumia watu wenye matatizo ya akili? Hilo ni swali jingine, nalo huulizwa na wengi wakati karo imekwisha kulipwa.

Masomo ya mbali si jambo geni. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini (UNISA) kilianza kufundisha kwa posta mwaka wa 1946. Jirani zetu wa Tanzania walianzisha Chuo Kikuu Huria mwaka wa 1992, na Kenya ikapata chake mwaka wa 2023.

Nadharia hufundishika vyema kwa mtandao. Mwanafunzi aweza kujifunza jinsi akili ya mtoto inavyokua, jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi na namna ya kufanya utafiti. Asichoweza kukipata kwa kusoma tu ni uzoefu wa kuketi na mtu mwenye majonzi, huku msimamizi mwenye ujuzi akimwongoza na kumsahihisha.

Chukua mfano wa mwalimu anayeletewa msichana aliyekeketwa. Sheria ya mwaka wa 2011 iliharamisha ukeketaji, lakini sheria haimwondolei msichana jinamizi la usiku. Huenda asiseme kwamba ana huzuni. Atasema kichwa chamuuma au hapati usingizi. Mshauri asiyefunzwa barabara aweza kumshurutisha asimulie yote siku moja, na kumwumiza zaidi. Isitoshe, katika mji mdogo msichana huyo aweza kuwa binti wa jamaa yake. Maadili ya kazi yanamtaka amwelekeze kwa mshauri mwingine, na siri aitunze.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza maswali haya:

1. Je, chuo kinatambuliwa? Vyuo vikuu vya Kenya huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Shahada ya ng'ambo huhitaji kutambuliwa rasmi humu nchini.

2. Ni saikolojia ya aina gani? Shahada ya utafiti si sawa na ile ya ushauri nasaha.

3. Mafunzo ya vitendo yatafanyiwa wapi, na nani atakusimamia? Chuo kikijibu kwamba hayahitajiki, na wewe unataka kuwa mshauri, tafuta kingine.

4. Je, utaweza kusajiliwa? Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka wa 2014 iliunda bodi ya kusajili wahudumu wa fani hii. Iulize bodi yenyewe, usitegemee tangazo la chuo.

Jambo la mwisho: mwanasaikolojia si daktari wa magonjwa ya akili, na shahada ya uzamili ya saikolojia haimpi mtu ruhusa ya kuandikia wagonjwa dawa. Anayesikia sauti zisizokuwapo, au anayezungumzia kujiua, apelekwe hospitali mara moja na asiachwe peke yake. Kutambua mpaka wa ujuzi wako ni sehemu ya ujuzi wenyewe, na yaweza kuokoa maisha.